Mosi za Bondwa na Maji ya Ruvu

Maji yanayofika nyumbani kwetu Kimara hutoka katika mtambo wa Ruvu Juu. Mtambo huo huyachota Mto Ruvu, na Mto Ruvu hupata sehemu kubwa ya maji yake katika Milima ya Uluguru, kwenye vijito vinavyokusanyika kuwa Mgeta, Mfizigo na Mvuha kabla ya kuteremka tambarare kuelekea baharini upande wa Bagamoyo. Mtu mzima yeyote wa Dar es Salaam anaujua mlolongo huo walau kwa juujuu, hasa tangu ukame wa mwaka 2022, kina cha mto kilipopungua na mgao wa maji ukaingia mitaa mingi ya jiji. Lakini mlolongo tunaoujua huanzia kwenye kijito. Ninachotaka kukieleza hapa kipo juu ya kijito, mahali ambapo tone la mvua au la ukungu hukutana na msitu kabla halijagusa ardhi. Katika misitu mikongwe ya juu kabisa ya Uluguru, tone hilo mara nyingi hupokewa na mmea wenye urefu wa sentimita chache, usio na mizizi wala maua, ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama kwa makini.

Mimea hiyo ni mosi na livawoti. Mosi ndizo zinazoota hapa mjini kwenye kuta zenye unyevu, chini ya mabomba yanayovuja na kando ya mitaro wakati wa masika, na ambazo kwa kawaida tunaziita ukoga au kuvu, tukazisugua kwa brashi ya waya na kupaka rangi upya. Si kuvu hata kidogo. Kuvu hana umbijani na hawezi kujitengenezea chakula, ilhali mosi ni mmea kamili unaofanya usanisinuru kama mwembe au mnazi. Livawoti ni jamaa zake wa karibu: baadhi ni bapa na hulala juu ya udongo wenye majimaji, lakini zilizo nyingi zina vishina na vijani vidogo mno, vimepangwa kwa safu mbili pande za shina na havina ule mstari wa katikati unaoonekana katika majani ya mosi nyingi. Pamoja na kundi la tatu, honiwoti, mimea hii huitwa briofita. Duniani zimo spishi zipatazo 12,000 za mosi, zaidi ya 7,000 za livawoti na kama 200 za honiwoti, na uzao wao ni wa kale sana, kwa kuwa mimea ya aina hii ilikuwa miongoni mwa ile iliyotangulia kuishi nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Tofauti kubwa kati yao na mimea tuliyoizoea iko katika jinsi wanavyoyatumia maji. Mti hunywa kwa mizizi, hupandisha maji kwa mishipa hadi kwenye majani, na hufunika majani hayo kwa tabaka la nta ili maji yasipotee ovyo. Mosi haikujengwa hivyo. Vinyweleo vilivyo chini ya shina lake kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea mahali pake; jani lake aghalabu lina unene wa seli moja tu; na maji huingia mwilini popote yanapougusa mmea. Kwa hiyo mvua ikinyesha mosi hujaa, na jua likiwaka hukauka, na mosi nyingi zikikauka hazifi. Hujikunja, husimamisha karibu shughuli zote za uhai, na mvua nyingine ikija huanza tena pale zilipoachia. Ndiyo maana zile za ukutani huonekana zimekufa mwezi Septemba na kurudi kijani baada ya mvua za kwanza za vuli, hata pale ambapo hakuna aliyezipanda.

Katika hebaria, ambako mimea hukaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya utafiti, mosi hazibandikwi kwenye karatasi kubwa kama mimea mingine, bali hutiwa katika bahasha ndogo za karatasi iliyokunjwa. Niliwahi kuonyeshwa bahasha moja ya namna hiyo. Mwenyeji wangu alitoa kipande cha mosi iliyokauka miaka mingi, akakidondoshea maji juu ya kioo cha hadubini, na majani yakafunguka moja baada ya jingine hadi mmea ukawa na umbo lake lote, ingawa uhai ulikuwa umekwisha kuutoka. Tangu siku hiyo nimeacha kuyafikiria maji kuwa kitu ambacho mmea huu hukitumia tu, kwa sababu umbo lenyewe la mmea ni chombo cha maji. Nafasi kati ya jani na shina, kati ya shina moja na jingine, na mikunjo ya majani yenyewe, zote hushika matone. Livawoti za jenasi ya Frullania zimekwenda mbali zaidi: chini ya kila jani kuna kijifuko kilichokunjamana kinachobaki na tone la maji baada ya mmea wote kukauka, na ndani ya tone hilo mara nyingi huishi vidudu vidogo viitwavyo rotifera, visivyoonekana kwa macho matupu.

Hata uzazi wa briofita hutegemea maji. Mbegu za kiume zina mikia na sharti ziogelee katika utando wa maji hadi kulifikia yai, safari ambayo pengine ni ya sentimita moja au mbili, lakini bila unyevu haiwezekani kabisa. Baada ya utungisho huota kikonyo chenye kifuko cha spora, yaani chembe ndogo za uzazi, na kikonyo hicho maisha yake yote hulishwa na mmea mama. Katika mosi, mdomo wa kifuko huzungukwa na meno madogo ambayo kwa mosi nyingi hujifunga hewa ikiwa na unyevu na kujifungua ikikauka, ili spora zitoke siku ya upepo mkavu na kwenda mbali. Kifuko cha livawoti hupasuka vipande vinne, na nyuzi zilizojiviringisha ndani yake hujinyonga zinapokauka na kuzitawanya spora. Anayetaka kuyaona haya hahitaji maabara. Kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha, pamoja na subira ya kupiga magoti.

Sasa nipande mlima. Kutoka Morogoro mjini njia ya kwenda Bondwa, kilele kimojawapo cha Uluguru, hupita Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, ikikata katikati ya mashamba ya ndizi na mboga, kisha huingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa rasmi mwaka 2008. Msitu wa chini una miti mirefu, vigogo vilivyonyooka na kivuli kizito. Mosi zipo, lakini ni lazima uzitafute: kwenye mawe ya kijito, kwenye shina karibu na ardhi, kwenye gogo lililooza. Kadiri unavyopanda, miti hupungua urefu na matawi huanza kupinda, na ukikaribia mwinuko wa mita 2,000 mambo hubadilika kabisa. Hakuna tena gome linaloonekana. Kila shina na kila kitawi kimevikwa mosi na livawoti kwa unene unaoweza kumeza kidole kizima. Kitawi chembamba huonekana kinene kama mkono, nawe ukikibonyeza kwa upole maji hutiririka hadi kwenye kiwiko. Kutoka matawini huning'inia nyuzi ndefu za mosi za jenasi ya Pilotrichella, na ukungu unapopita katikati yao unaweza kuona matone yakijikusanya kwenye ncha, yakikua, yakidondoka.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa Kiluguru aliyeijua njia hiyo tangu utoto wake. Nilipotaka kuvuta kipande cha mosi kwenye shina ili nikitazame, alinizuia.

"Mwanangu, hapo usivute. Ukivuta linatoka tabaka zima."

"Samahani, mzee. Halioti tena?"

"Linaota. Ila si mimi wala wewe tutakaoliona limekuwa hivi."

Nilidhani ni maneno ya kunifundisha adabu tu. Baadaye nikakuta kwamba sayansi inasema karibu vilevile, na nitalieleza hilo, lakini kwanza nitaje hesabu za maji, kwa maana ndizo zilizonifanya niandike.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa briofita kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alikuwa akifundisha Morogoro, na akautumia muda wake kuipanda Uluguru mara kwa mara. Mwaka 1980 alichapisha vipimo vya mimea inayoota juu ya miti katika aina mbili za msitu wa milima hiyo. Katika msitu wa chini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mimea hiyo ilipokaushwa ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani 2 kwa hekta. Katika msitu wa miti mifupi wa juu, kwenye mita 2,120, uzito ulikaribia tani 14 kwa hekta. Humo yamo pia makangaga, okidi na mboji iliyonaswa matawini, lakini huko juu mosi na livawoti ndizo zinazotawala. Kisha akakadiria maji yanayoweza kunaswa katika mvua moja: lita zipatazo 15,000 kwa hekta katika msitu wa chini, na lita 50,000 kwa hekta katika msitu wa juu. Hapa Dar es Salaam, wakati wa mgao, tunapoagiza boza la lita 10,000 tunajua jinsi linavyojaza tenki la nyumba na ndoo zote za majirani. Hekta moja ya msitu wa Bondwa huning'iniza hewani maboza matano ya namna hiyo, kila mvua inyeshapo ya kutosha.

Ni lazima niwe mwangalifu hapa, kwa sababu hesabu hizi husomwa vibaya kirahisi. Mosi hazitengenezi maji. Lita 50,000 kwa hekta ni sawa na milimita 5 za mvua, na sehemu ya maji hayo hurudi hewani kama mvuke bila kuufikia mto. Isitoshe, msitu huo wa juu ni kipande kidogo tu cha eneo lote linalolisha Ruvu. Lakini yapo mambo mawili ambayo milimita hizo 5 hazionyeshi. La kwanza ni kwamba mvua kubwa ya mlimani, inayoweza kuchimba udongo na kuupeleka wote mtoni, hupokewa kwanza na tabaka hili na kuachiwa polepole, hivyo udongo wa chini hupata muda wa kuinywa. La pili ni ukungu. Mawingu yanapopita katikati ya miti bila mvua kunyesha, kipimo cha mvua kilichowekwa mahali pa wazi huandika karibu sifuri, ilhali ndani ya msitu kunadondoka, kwa maana matawi yenye mosi yana maelfu kwa maelfu ya ncha za kunasia matone. Na kwa kuwa hewa ya pale imejaa unyevu siku nyingi, uvukizaji ni mdogo. Maji haya ya ukungu huja hata katika miezi ya kiangazi, wakati ambapo mto unayahitaji zaidi.

Ukungu wenyewe unatoka kwetu. Upepo wa Bahari ya Hindi hupita juu ya Dar es Salaam na Pwani ukiwa na unyevu wake, husafiri juu ya nchi tambarare, kisha hukutana na ukuta wa Uluguru, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua inayoweza kufikia milimita 3,000 kwa mwaka, wakati sisi wa jijini tunapata kama milimita 1,100, na upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo ni mkavu zaidi. Wazaramo, wenyeji wa ukanda wetu huu, zamani walipopatwa na ukame walituma wajumbe hadi Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Walielekea mahali penyewe hasa.

Swali ambalo msomaji wa jijini anaweza kuuliza ni kwa nini misitu yetu ya karibu, Pugu na Kazimzumbwi, isiwe na mosi za namna hiyo, ingawa nayo ni misitu ya kale na kuna siku za masika ambapo kila kitu humo hutota. Jibu liko zaidi katika joto la usiku kuliko katika wingi wa mvua. Mmea hutengeneza chakula mchana, na usiku hutumia sehemu ya chakula hicho kwa kupumua. Usiku ukiwa wa joto, kupumua huongezeka. Na kama mchana mosi ilikuwa imekauka kwa saa nyingi, haikutengeneza cha kutosha kulipia usiku. Katika nchi za chini za tropiki hesabu hiyo huishia mara nyingi katika hasara, kwa hiyo mosi za Pugu hubaki ndogo, nyembamba, zimejibana kwenye mizizi ya miti na mabonde yenye kivuli. Kwenye mita 2,000 usiku ni baridi, mchana una ukungu, na akiba hujengeka mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo neno la yule mzee linapoingia. Tabaka la mosi la unene wa kidole halikui kwa msimu. Gome jipya, laini, hushikwa kwanza na livawoti bapa zilizolala kabisa juu ya gome. Baada yake huja mosi fupi zinazoshika vumbi na majani yaliyokufa; kisha mboji hujijenga, makangaga na okidi huota ndani yake, na uzito huongezeka hadi tawi huanza kubeba udongo wake lenyewe, mita nyingi juu ya ardhi. Nalini Nadkarni, mwanaekolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1981 kwamba miti kadhaa huchipusha mizizi kutoka kwenye matawi yake yenyewe na kuiingiza katika udongo huo wa juu, ikinywa na kula bila kushuka chini. Baadaye, katika msitu wa mawingu wa Monteverde huko Costa Rica, alikwangua mimea yote kwenye vipande vya matawi na kufuatilia jinsi itakavyorudi. Miaka ya mwanzo matawi yalibaki karibu matupu. Mosi zilipoanza kurudi zilianzia upande wa chini wa tawi, ambako unyevu hudumu, na hata baada ya miaka kumi tabaka halikuwa limerudia hali yake ya awali.

Kwa hiyo ukongwe wa msitu una maana ya kimwili kabisa. Mti mkongwe una gome lenye mipasuko, matawi mapana yaliyolala, mashimo na sehemu zilizooza, na kila mahali pa namna hiyo pana mosi zake na livawoti zake. Mti mkongwe ukianguka, gogo lake huwa makazi ya livawoti zisizoota mahali pengine ila kwenye kuni laini yenye maji. Chini ya dari iliyofungamana, hewa haikauki. Na juu ya majani mabichi ya vichaka huota kundi la ajabu kuliko yote, livawoti ndogo mno za familia ya Lejeuneaceae, ambazo huishi maisha yao yote juu ya jani la mmea mwingine, zikishindana na muda, kwa kuwa ni lazima zikue, zizae na kurusha spora zake kabla jani lenyewe halijadondoka. Nimetumia saa nyingi juu ya jani moja la namna hiyo nikiwa na kioo changu, na sioni haya kusema kwamba ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa nilivyowahi kuviona katika nchi hii. Kundi hili ndilo huondoka kwanza. Miti michache mikubwa ikikatwa, mwanga na upepo huingia, majani hukauka mchana, na livawoti hizo hutoweka ingawa mtu anayepita bado anaona kijani kila upande na anaamini msitu upo.

Tanzania imekwisha kuona jinsi maisha yanayotegemea ukungu yanavyoweza kukatika ghafla. Katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, maporomoko ya maji yalirusha manyunyu daima juu ya miteremko yenye mimea mifupi iliyolowa muda wote, na humo aliishi chura mdogo wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambaye hakupatikana mahali pengine popote duniani. Mto ulipogeuzwa kuelekea kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180 mnamo mwaka 2000, manyunyu yalipungua mno na ardhi ikakauka. Mabomba ya kunyunyizia yalifungwa ili kuiga manyunyu ya asili, lakini mwaka 2003 idadi ya vyura iliporomoka, ugonjwa wa kuvu ukihusishwa pia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wametunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani. Mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa nchini na kulelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na kuanzia mwaka 2012 wengine wakapelekwa tena Kihansi. Ni kazi ya kusifiwa, na ni kazi ya gharama kubwa. Kilichokuwa kikifanywa bure na manyunyu sasa hufanywa na mabomba.

Nalisema hili kwa sababu kila mwaka tunaona kampeni za kupanda miti katika vyanzo vya maji, na nimeshiriki baadhi yake kwa moyo wangu wote. Kupanda miti ni kwema. Hushikilia udongo, huleta kivuli, huwapa watu kuni. Lakini nimesikia ikisemwa, mara nyingi na watu wenye nia njema, kwamba msitu uliopotea utafidiwa kwa miche milioni kadhaa, na hapo ninapinga waziwazi. Mche wa mwaka huu utakuwa mti baada ya miaka ishirini, na huo utakuwa mti wenye gome laini, tupu. Ili msitu wa miti ya namna hiyo ubebe tani 14 kwa hekta kama Bondwa, unahitaji miti jirani iliyokwisha kuwa na mosi, kwa kuwa nyingi za livawoti hizi hazisambai mbali. Unahitaji hewa isiyokauka. Na unahitaji muda ambao hakuna bajeti ya mradi inayoutaja. Hekta moja ya msitu mkongwe iliyookolewa isichomwe moto, kwangu mimi, ina thamani kubwa kuliko hekta nyingi zilizopandwa upya, na ningependa takwimu zetu za uhifadhi ziziandike katika safu mbili tofauti.

Wala sitaki kusomeka kama ninayewalaumu Waluguru, ambao wamelima miteremko hiyo kwa vizazi na ambao wanaujua msitu kuliko sisi tunaokunywa maji yake. Serikali ya kikoloni iliwahi kuwalazimisha kuchimba matuta kwa jina la kuhifadhi udongo, na mwaka 1955 waliupinga mpango huo kwa nguvu hadi ukashindwa. Amri kutoka bondeni haijawahi kuufaa mlima ule. Moto unaopanda kutoka shambani hadi msituni huzimwa na watu wa kijiji kilicho karibu, usiku, kwa matawi mabichi na mapanga, na sisi wa jijini tunaofaidika hatupo. Ni haki kwamba sehemu ya kile tunacholipia maji iwafikie watu hao, kwa utaratibu unaoeleweka na unaoonekana kijijini.

Bwawa la Kidunda, ambalo mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini mwaka 2022, limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 za maji ya Ruvu, na kwa jiji linalokua kama hili nalingoja kwa hamu kama kila mkazi mwenzangu. Lakini bwawa hupokea kile mto unacholeta, pamoja na tope lake, na joto la dunia likiendelea kupanda, usawa ambao mawingu hujifunga mlimani nao unaweza kupanda, hadi pengine upite juu ya vilele visivyo na mahali pa juu zaidi pa kukimbilia. Ningeomba, basi, kwamba katika fedha nyingi zinazotumika kwa ajili ya Ruvu kitengwe kiasi kidogo cha kuirudia kazi ya mwaka 1980: kwenda tena kwenye mita 2,120 na mizani, kupima mosi kwa hekta, kuweka nyavu za kunasia ukungu kando ya vipimo vya mvua, na kuendelea kupima kila mwaka, masika na kiangazi. Wanafunzi wa botania wa Mlimani na wa Morogoro wanaiweza kazi hiyo, na wazee wanaoijua njia ya Bondwa bado wapo wa kuwaongoza.